Dole Gumba la Karani

Mama Pasi aliporudi na ndoo ya maji alikuta mama mkwe wake amemfunga Karani, mumewe, mikono. Hakumfunga kwa ukatili, hapana. Alichukua kitambaa chake laini cha kichwani, akavizungushia viganja vyote viwili, akapiga fundo dogo juu, kama mtu anayefunga zawadi. Lakini kufunga ni kufunga tu.

"Mama, umefanya nini tena?"

"Nimeshindwa, mwanangu." Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti, amekipa kitanda mgongo. "Nilikuwa naongea peke yangu hapa, mambo yangu tu ya kizee. Nikatupa jicho kwenye ile mikono. Inanifuata! Nikisema, inacheza. Nikinyamaza, inatulia. Huyu mtoto anatuhesabu."

"Daktari alisema ni mishipa tu, Mama."

"Basi hiyo mishipa ina masikio."

Mama Pasi aliitua ndoo, maji yakamwagika kidogo sakafuni, akaanza kufungua fundo. Neno lile la masikio lilikuwa limemwingia mwilini kama baridi.

Niwaambieni kwa nini. Tangu Karani ateleze kwenye ngazi za ofisini kwao na kichwa kugonga ukingo, alikuwa amelala chali kwenye chumba hiki, macho wazi, akitazama dari bila kuitazama. Ukimlisha anameza. Ukimgeuza anageuka. Daktari alimwinamia usoni akamwita kwa jina, akamfinya, akamwambia, "Kama unanisikia, funga macho." Macho yakabaki vilevile. Daktari alikuwa mtu mkweli, alivua miwani, akasema, "Huenda yumo, huenda hayumo. Mimi sijui. Hiyo mikono kuchezacheza msiitilie maanani."

Basi swali la nyumba nzima likawa moja tu: anasikia? Kaka mkubwa wa Karani, ambaye ndiye aliyekuwa akileta dawa na nepi na kuhakikisha kila mtu ameona kwamba kaleta, alishaamua jibu. Kesho mchana gari la makao ya wagonjwa lingekuja kumchukua. Mama Pasi aliwahi kwenda kuyaona hayo makao. Chumba kirefu, vitanda vimepangwa ukutani, na wauguzi wawili wanapita wakiwageuza watu bila kuwaambia neno, kama unavyogeuza magodoro juani.

"Shemeji, usinione mbaya," kaka mtu alikuwa amemwambia. "Nionyeshe kitu kimoja. Kimoja tu! Nionyeshe ndugu yangu yumo humo ndani, nami nitambeba mgongoni mpaka nife. Lakini siwezi kuendelea kuosha ganda."

Kwa hiyo Mama Pasi aliomba asubuhi na jioni kwamba mumewe awe anasikia. Na palepale, kabla hajamaliza kuomba, moyo wake uliomba kinyume. Kwani kuna siku, mwanzoni mwanzoni, alipokuwa hajalala usingizi wa maana, alisimama hapo hapo karibu na kitanda akipiga pasi, akamwambia jirani kwamba ingekuwa afadhali mumewe angekufa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Kama Karani anasikia, basi alisikia na hilo.

*

Kazi ya Mama Pasi ilikuwa kupiga pasi nguo za watu, ndiyo maana ya jina. Meza ilikuwa chumbani humohumo, kati ya kitanda na kona ilipowekwa kompyuta ya Karani. Kompyuta ilikuwa imefunikwa shuka, na juu ya shuka mashati ya watu yamerundikwa. Alasiri ile alipiga kola tatu nne huku akiitazama mikono ya mumewe kwa pembe ya jicho. Ilikuwa imetulia juu ya blanketi, viganja chini, vidole vimepinda kidogo.

"Hodi humu!"

Dole gumba la kulia likashuka. Likashuka likabaki chini, limekandamiza blanketi, na papo hapo kidole cha shahada cha kushoto kikanyooka mbele kikagonga mara moja. Halafu vidole vyote vikakimbia.

"Karibu," alisema Mama Pasi, na dole gumba likashuka tena.

Aliyeingia alikuwa jirani yake mshonaji, sindano zimechomekwa kifuani, magauni yamelala begani. "Mwenzangu, haya ni ya watu wenye kelele, uyanyooshe vizuri. Vipi, mbona umeganda na pasi mkononi? Utaunguza!"

Mama Pasi aliisimamisha pasi. "Sema kitu."

"Si ndiyo nasema?"

"Endelea kusema. Chochote."

"Makubwa! Haya: leo cherehani imekata mkanda, mteja kanifokea mbele ya watu, nikamwambia mama, mimi si mkanda..." Mshonaji alisema, na vidole vya Karani vilikimbia pamoja naye, vyepesi, bila papara. Aliponyamaza, vikasimama. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilijinyoosha mbali, upande wa juu, kikagusa mara moja kikatua pale pale. Kikasubiri. Kimya kilipozidi, dole gumba la kushoto likagonga mara moja, taratibu, na mikono ikalala.

"Umeona?" alinong'ona Mama Pasi. Dole gumba la kulia likashuka.

Mshonaji alikuwa ameona. Aliyaweka magauni mezani bila kuyahesabu, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. "Mimi nitapita kesho," alisema, na sijui kama alisikia jinsi vidole vilivyogongagonga maneno hayo nyuma yake.

Mama Pasi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliijua mikono ile. Kwa miaka aliisikiliza ikifanya kazi kwenye kona ile pale, mumewe amevaa visikilizio, anasikiliza kanda za mahojiano na mikutano ya watu na kuandika kila neno lililotoka. Ofisi yao ilipewa kompyuta zilizotumika huko Ulaya, na kibodi zake zilikuwa za kwao: herufi si mahali tunapozijua sisi, na vitufe vingine vina alama tatu, moja chini, moja juu, na moja ndogo pembeni. Ile ya pembeni haiji mpaka ukandamize kwa dole gumba la kulia kitufe kimoja kando ya kile kirefu cha nafasi, na ukishikilie.

Huko pembeni, juu ya tarakimu ya tano, ndiko lilikokuwa bano la mraba la kufungua. Na Karani alikuwa na sheria yake: kila anapobadilika msemaji, fungua mabano, andika ni nani, funga. "Neno bila mwenyewe ni uvumi," alikuwa akisema, anajiona ametoa hekima kweli. Wafanyakazi wenzake walilalamika mpaka wakachoka, kibodi za kawaida zilipokuja akazikataa, akanunua ile ya zamani akaja nayo nyumbani.

Tena kulikuwa na kitufe cha kofia. Huko Ulaya wana alama ndogo kama kofia wanayoivisha herufi kichwani, na kitufe chake ni cha ajabu: ukikigonga, haji mtu. Skrini haibadiliki kabisa. Mashine imekusikia, lakini inangoja herufi inayofuata ndipo ivalishe. Karani alikitumia kuandika kimya. Mtu kwenye kanda akisita, aligonga kofia akangoja naye. Akianza kulia au akikataa kujibu, aligonga kitufe kirefu, na kofia ikatokea peke yake, haina kichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake ya mtu aliyenyamaza.

Mume wake hakuwa akitetemeka mishipa. Alikuwa akiandika. Blanketi lile, tangu siku ya kwanza, alikuwa amelijaza maneno yote yaliyosemwa chumbani humu.

Alifunika mdomo kwa mkono ili asitoe sauti, kwa sababu sauti ingeandikwa.

*

Kesho yake aliondoa mashati, akafunua shuka, na akaona ambalo hakulitegemea. Kibodi iliyokuwa mezani ilikuwa mpya, nyeusi, inang'aa.

"Ile ya Kizungu?" alisema shemeji yake alipofika. Alikuwa na karanga kwenye mfuko wa karatasi. Mtu huyu hakujua kukaa na mgonjwa bila kutafuna. "Nilimpa fundi, akanipa hii nzuri. Herufi zote mahali pake, na nikamwambia aipange na kompyuta nayo ikae kikwetu. Nilidhani utajifunza uandike hata risiti za pasi zako. Ubaya uko wapi?"

"Hakuna ubaya, shemeji. Nisaidie tu nimwekee mapajani."

"Umwekee nani?"

Alimweleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akaanzia katikati, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyomwona shemeji yake akimtazama kwa huruma, na hakuna kitu kinachodhalilisha kama huruma ya mtu anayetafuna. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kumuaga mwanawe, alivishika kama rozari vifungo vya shati alivyokuwa akiviokota chini ya meza na kuviweka kimoja kimoja kwenye kikombe.

"Sawa," alisema shemeji mwishoni. "Ili baadaye usije ukasema sikukupa nafasi."

Wakamwinua Karani kwa mito, wakaweka sinia mapajani, kibodi juu ya sinia. Waya ulifika kwa shida. Mama Pasi alivichukua viganja vya mumewe akaviweka juu ya vitufe. Vilikuwa na joto. Skrini nyeupe ilisubiri.

"Sasa shemeji, tumalize," alisema kaka mtu. "Gari liko njiani."

Dole gumba likashuka. Skrini ikaruka: orodha ya kazi ikajifungua juu, kidirisha kikatokea katikati kikauliza kitu, kikajifunga chenyewe, kingine kikaja. Mama mkwe akapiga kelele ndogo. Halafu herufi zikaanza kushuka.

sqsq she;eji tu;qliwe gqri liko njiqni

"Haya," alisema shemeji, na sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa ya mtu aliyekuwa ametumaini kidogo na sasa anaona aibu. "Umeona mwenyewe. Matakataka. Hata kuku akipita juu yake ataandika hivyo."

Mikono iliendelea, tena vidirisha vikafunguka na kujifunga, kama nyumba yenye upepo ndani. Mama Pasi aliinama karibu na skrini. Alihisi machozi yanakuja akayakataza. Aliyasoma yale matakataka kwa midomo, kama mtoto. Gqri. Njiqni. Liko lilikuwa liko. Akarudia. Gari liko njiani. Gari liko njiani!

"Hayajakosewa," alisema. "Anaandika kwenye kibodi yake. Kibodi haipo, lakini yeye yuko kwenye ile ile. Pale alipozoea kupata A, hapa kuna Q."

"Shemeji..."

"Subiri!"

Kulikuwa na alama ndogo pembeni chini ya skrini, herufi mbili tu. Alimwona Karani akiibadilisha mara nyingi, zile siku alizokuwa akimfundisha naye kuandika na kumcheka jinsi alivyotumia kidole kimoja. Vitufe viwili vya kushoto, kwa pamoja. Alibonyeza. Haikubadilika. Alibonyeza tena, akishikilia kidogo, na zile herufi mbili pembeni zikageuka nyingine.

"Hayo ni matakataka tu, shemeji," kaka mtu alisema kwa upole. "Tusimtese."

Dole gumba likashuka. Safari hii hakuna dirisha lililoruka.

[kaka] hayo ni matakataka tu shemeji tusimtese

Rangi ya herufi kwenye vitufe ilisema hivi, skrini ikasema vile, na vidole havikujali rangi.

"Mungu wangu," alisema mama mkwe.

[mama] mungu wangu

"Ni yeye," alisema Mama Pasi.

[kidole] ni yeye

"Kidole ndiye nani?" aliuliza bibi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita Mama Pasi hivyo, na Karani mwenyewe alimwita hivyo wakiwa wawili tu, hapo kwenye kona, akimcheka.

Shemeji yake alikuwa amesogea hadi ukutani. Kwa sababu ya hofu akawa anatafuna upesi zaidi. "Sikilizeni," alisema. "Sikilizeni. Anarudia tu. Kasuku si hurudia? Mkono umezoea kazi, umesikia sauti, unaandika. Haina maana yumo. Mtu ni kusema lake mwenyewe. Mimi nimwone anasema lake. Ndugu yangu hayumo."

Maneno yalishuka kwenye skrini moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka *ndugu yangu hayumo*, na yeye aliyeyasema akasimama hapo akiyasoma. Kidole cha mwisho kikajinyoosha kwenye kofia, kikangoja. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba ilisikika karanga ikipasuka kati ya meno.

Halafu dole gumba la kulia likashuka, na hakuna mtu aliyekuwa amefungua mdomo.

[mimi] kaka acha kutafuna

Mfuko wa karatasi ulianguka. Karanga zilitawanyika sakafuni, nyingine zikaingia chini ya kitanda, na lile jibaba zima likabaki limeshika mdomo kwa mikono miwili, mashavu yamejaa, halijui liteme au limeze. Macho ya Karani yalikuwa bado kwenye dari. Hayakupepesa hata mara moja. Hilo ndilo lililotisha: usoni hapakuwa na mtu, na mapajani mtu alikuwa anasema.

Mama mkwe alipiga magoti. "Mwanangu, nilikufunga mikono."

[mama] mwanangu nilikufunga mikono
[mimi] fundo lilikuwa legevu

Bibi alicheka na kulia pamoja, akasugua uso wake kwenye blanketi. Nje honi ililia. Shemeji alijaribu kusema, akakohoa, akajaribu tena.

"Nitalirudisha hilo gari," alisema. Alipofika mlangoni aligeuka. Hakumtazama ndugu yake, aliitazama skrini. "Mwambie... nitaacha. Karanga. Mwambie."

"Mwambie mwenyewe. Anasikia."

Lakini shemeji alikuwa ametoka, na bibi akamfuata kumshika mkono, maana alikuwa akipepesuka.

*

Wakabaki wawili. Mama Pasi alivuta kiti. Alitaka kumkumbatia mumewe na alitaka kukimbia, na kwa kuwa hakuweza yote mawili, alikunja mikono mapajani kama mtu aliyeitwa ofisini. Alikuwa amepata alichoomba. Anasikia.

"Unataka nini, mume wangu?" aliuliza. "Niandikie unataka nini."

Dole gumba halikushuka. Vidole vilitulia kidogo, kisha vikagonga kitufe cha kushusha mstari, mara nyingi, mpaka maneno yote yakapanda juu na skrini ikawa nyeupe tena. Ndipo akaanza.

[daktari] kama unanisikia funga macho
[mimi] nilifunga

Mama Pasi alijishika kifua. Alifunga. Kule ndani Karani alifunga macho kwa nguvu zake zote, akadhani yamefungwa, na wao huku nje wakaondoka.

[daktari] huenda yumo huenda hayumo
[kaka] hizi nepi nimeleta mimi
[mama] amekonda
[kidole] jamani mzito nisaidieni kumgeuza

Alikuwa ameanza mwanzo kabisa. Anayo yote. Siku baada ya siku, kila aliyeingia na alichosema, mabano yamefunguliwa na kufungwa. Wenzake wa ofisini waliokuja wakaongea habari ya nani atachukua meza yake. Mama mkwe akimsimulia ugomvi wa utotoni. Yeye mwenyewe Mama Pasi akiimba ovyo huku anamwosha, kisha akiomba, na maombi yake yalikuwa pale, hata yale aliyonong'ona. Alisoma akacheka mahali, akaona haya mahali, lakini kila mstari uliposhuka alijua nini kiko mbele. Alijua ni siku ipi inakuja. Hata joto la pasi ya siku ile alilikumbuka mkononi.

Waya ulikuwa pale, karibu na mguu wake. Angeukanyaga tu. Angesema umechomoka wenyewe, nani angebisha? Aliutazama. Akarudisha macho juu.

[jirani] hodi humu
[kidole] karibu
[jirani] mashati haya yanatakiwa leo leo
[kidole] weka hapo
[jirani] na wewe mwenyewe vipi mbona macho mekundu
[kidole]

Mabano yakafungwa. Kidole cha mwisho cha kulia kilijinyoosha hadi kwenye kofia, kikagonga. Skrini haikubadilika.

Mama Pasi alingoja dole gumba la kushoto ligonge kitufe kirefu. Halikugonga. Alingoja maneno yaje. Hayakuja. Kijistari kilikuwa kikiwaka na kuzimika mbele ya jina lake, na mashine, ambayo ilikuwa imesikia kofia, ilikuwa ikingoja herufi. Vidole vyote vya Karani vilikuwa vimeinuka kidogo juu ya vitufe, vimejitenga, vimemwachia nafasi.

Hapo alielewa, na akaona aibu kuliko kama angeyaona maneno yenyewe. Mumewe hakutaka kuyaandika. Katika mambo yote aliyoyaandika, ya kaka, ya mama, ya daktari, hili moja alikuwa amelileta mpaka mlangoni pake akaliacha. Mama Pasi angebonyeza kitufe kirefu yeye mwenyewe, mara moja, na ingebaki kofia tupu: Kidole aliulizwa, Kidole alinyamaza. Wangeishi hivyo. Hakuna ambaye angesema lolote tena.

Alinyoosha kidole chake kimoja. Kilikwenda juu ya kile kitufe kirefu, kikakaa hapo. Halafu alikiondoa akatafuta. Kitufe kilichochorwa Q. Akabonyeza.

Ikatokea A ndogo, imevaa kofia.

Hakuifuta. Aliendelea, herufi baada ya herufi, akikosa na kurudi, akiitafuta M mahali isipokuwa na M, jasho likimtoka juu ya mdomo kama siku ile ya pasi. Hakupunguza neno.

[kidole] âfadhali angekufa palepale ngazini nikamlia mara moja nikamaliza

Alipomaliza aliweka mikono mapajani. Sasa alikuwa analia wazi, kwa sauti, na hakujali nani anaandika. Alitazama uso wa mumewe, na uso haukumpa kitu. Akatazama mikono.

Dole gumba la kulia lilishuka taratibu, kama lililochoka.

[mimi] hata mimi

Mama Pasi aliyasoma maneno hayo mawili mpaka yakapoteza umbo. Kisha alikisogeza kiti karibu, akaweka paji lake la uso juu ya mkono wa Karani, pale juu ya kifundo ambapo hangezuia vidole, akabaki hapo. Chini ya paji lake misuli ilikuwa ikitembea. Sijui alikuwa akiandika nini. Hakuinua kichwa kuangalia.

"Hodi humu!" mshonaji aliita kutoka nje, sauti imejaa hamu ya habari. "Mbona gari limeondoka tupu?"

Na dole gumba likashuka.